Bomba Fupi au Bomba Refu

Mume wangu ni fundi bomba, na anaamini hakuna jambo duniani lisiloelezeka kwa bomba. Mtoto akikohoa, kuna kitu kimeziba. Barua ya ofisini ikichelewa, kuna kitu kimeziba. Nimeishi naye miaka ishirini na mbili, nimeshazoea.

Ana gari, kigari cha milango miwili alichokinunua kikiwa gofu, akakaa nacho uani miaka sita akikifufua kipande kwa kipande. Injini aliibadilisha, springi akazishusha, breki akaweka kubwa. Siku za mapumziko wenzake wakitazama mpira, yeye alikuwa chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana. Nilijiona nina mke mwenza mwenye magurudumu.

Mwezi uliopita yalitupata mawili katika wiki moja. Kwanza manifoldi ilipasuka, ile mikono ya plastiki inayogawia kila silinda hewa yake, na injini ikaanza kupiga mluzi. Kisha daktari wa macho akamwambia ana presha ya macho, imeshamla uwezo wa kuona pembeni, na dawa itaipunguza kasi tu. Alimpa kama mwaka mmoja wa kuendesha, tena mchana tu. Mume wangu akamshukuru daktari, akatoka, akaniambia twende tukatafute manifoldi. Nilikasirika, lakini nikamfuata.

Fundi wetu wa magari anaitwa Kelele, kwa sababu usipomsogelea husikii anachosema. Aliweka mezani manifoldi mbili za aluminiamu. Moja ilikuwa na mikono mifupi minene, nyingine mikono mirefu iliyopinda kama shingo ya bata. Mume wangu aliinyakua ile fupi, akapitisha kidole ndani, uso ukamchangamka.

"Hii ndiyo yenyewe. Pana, haina kona, inamwaga tu."

"Shemeji," Kelele alinigeukia mimi, maana anajua nani husikilizwa, "mwambie hewa si maji. Maji yanatiririka. Hewa ya injini inakwenda kwa mapigo, vali inafunguka, inajifunga. Mkono mrefu unalisukuma pigo vizuri injini ikizunguka taratibu. Hiyo fupi utamu wake unaanzia mizunguko elfu tano kwa dakika kwenda juu. Chini ya hapo gari linakuwa zito."

"Nusu ya mabomba ya mji huu nimeunganisha mimi," mume wangu alisema, "leo nifundishwe bomba!"

Kelele hakubishana. Ana desturi yake: hauzi manifoldi mpaka mteja aendeshe wiki nzima akiwa na karatasi, na kila mshale wa geji ya mizunguko ukipita elfu tano, achore mstari. Ule ufa aliuziba kwa gundi ya muda, akatupa karatasi.

Wiki hiyo mume wangu alinipa mimi ufunguo, yeye akakaa kiti cha abiria na penseli. Nilidhani anataka ahesabu vizuri. Nilimwendesha kwenda kwa wateja wangu wa mapazia: nasimama, naondoka, napanda kile kilima cha stendi roho juu, nyuma yangu watu wanapiga honi. Yeye jicho kwenye geji.

Mimi nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba achukue ile fupi. Miaka sita ameingoja siku ya kulikanyaga gari lake likanguruma, na amebakiwa na mwaka. Achukue, hata kama litagoma kilimani.

Siku ya nane tulirudi. Kelele akaikunjua karatasi, akakuta mistari miwili.

"Miwili? Wiki nzima?"

"Na mmoja ni pale huyu alipokanyaga mafuta akidhani ni breki," alisema mume wangu. Hilo silizungumzii.

"Kumbe alikuwa anaendesha shemeji! Basi hii ni karatasi yake. Endesha mwenyewe, uniletee yako."

"Hapana. Nifungie ile ndefu."

Nilimrukia. "Baba, una wazimu? Chukua unayoipenda! Mwaka huu ni wako, ufaidi!"

Kelele alitutazama bila kuelewa. Habari za macho tulikuwa hatujamwambia mtu.

"Mwaka huu ni wangu," mume wangu alisema, akiirudisha ile fupi mezani kwa mikono miwili. "Inayofuata yote ni yako wewe. Sitaki likuzimikie kilimani, na mimi nimekaa pembeni, hata kinachokuja nyuma sikioni."

Kelele alisita, kisha akachukua spana. Alasiri gari lilikuwa tayari, na mume wangu akanipa ufunguo tena. Nilimgombeza njia nzima: kwamba hakuniuliza, kwamba amejinyima kitu chake, kwamba nani kamwambia mimi nataka gari. Kilima tulikipanda bila shida yoyote, nami nilikuwa nalia waziwazi kama mtoto.

"Futa machozi, mama," aliniambia. "Mmoja wetu inabidi aone barabara."