Fundi wa runinga asiyegusa sinema kabla ya video za nyumbani

Saa mbili asubuhi, fundi amepiga magoti nyuma ya kabati la runinga, tochi mkononi, anapuliza vumbi lililotulia humo tangu kabati liletwe. Mwenye nyumba, mama wa watoto wanne, ana haraka. Anataka sinema, katuni na muziki vyote vipatikane kwa rimoti moja.

Fundi hana haraka hiyo. "Za nyumbani ziko wapi, dada?"

"Za nyumbani zipi tena?"

"Harusi, watoto walipokuwa wadogo, mazishi. Nitengee hizo kwanza. Bila hizo sigusi kitu."

Fundi huyu, mwanamke wa miaka arobaini na sita ambaye wateja humwita Mama Rimoti, hugeuza kompyuta chakavu kuwa majumba madogo ya sinema. Anatumia programu huria: haiuzwi, na yeyote mwenye ujuzi anaruhusiwa kuifungua na kuirekebisha. Mteja hulipia kazi ya mikono yake tu. Mwezi mzuri hupata nyumba tisa. Mwezi mbaya hupata mbili, "na moja ni ya shemeji yangu, ambaye hulipa kwa kunisifu."

Swali lile la za nyumbani alilipata kwa machozi.

Miaka miwili iliyopita alimfungia mtambo fundi cherehani mstaafu, mzee aliyefiwa na mkewe na kubakiwa na video kumi na moja za marehemu. Sasa, programu hii ina kiherehere chake. Ikikuta video, husoma jina, hukimbilia mtandaoni kutafuta sinema yenye jina kama hilo, kisha hubandika picha ya jalada lake. Mzee alipotafuta video aliyoiita "Nyumbani", akakutana na mwanamume aliyeshika shoka lenye damu. Akachomoa waya ukutani.

"Umemfuta mke wangu," alimwambia fundi kwa simu, kisha akakata.

Kwa wiki tatu hakupokea simu yake. "Nilikonda," anasema Mama Rimoti. "Mwenyewe sikuwa na hakika kama nimefuta au la."

Alipokubaliwa kuingia tena, alibonyeza palepale kwenye shoka. Sauti ya mwanamke ikajaa sebuleni: "Hebu zima hiyo kamera, mboga zinaungua!"

Video zote zilikuwapo. Kilichokosewa ni jalada tu, na fundi ndiye aliyesahau kuikataza programu isiguse kabrasha la familia. Mzee alicheka, kisha akalia, wala hakuona haya.

Lakini maelekezo yote kwenye skrini yalikuwa ya Kiingereza, lugha asiyoisoma. Ilibidi amsubiri binti yake, anayekuja kila Jumamosi. "Yaani mke wangu nimtazame kwa zamu, mwanangu?" alimuuliza fundi.

Tangu hapo, kila alasiri kazi ikipungua, Mama Rimoti hukaa karakanani akitafsiri programu hiyo kwa Kiswahili, bila malipo. Amemaliza sentensi mia nane, zimebaki kama mia tatu. Watafsiri wenzake wa mbali, ambao hajawahi kuwaona, huzikagua. Kuna neno moja wamemrudishia mara nne, na bado anabishana nao.

Anapanga kumaliza kabla ya mwaka kwisha, na nyumba ya kwanza kuwekewa Kiswahili itakuwa ya mzee.

"Nataka siku moja nipite pale mlangoni, Jumatano tu," anasema, "nimsikie mkewe akimgombeza, na binti hayupo."