Masikio Yaliyotandazwa

Miaka ile biashara za watu binafsi zilipoanza kushamiri Dodoma, nilipata kazi kwenye studio ya picha karibu na soko. Mwenye studio, mtu wa mjini ambaye babu zake walikuja na misafara, alikuwa wa kwanza mtaani kununua kompyuta na skana. Aliogopa wezi. Kila alipotoka, hata kwenda msikitini, alifunga geti la nondo kwa nje, mimi nikabaki ndani na mashine zake.

Niliandika programu ya kukata na kukuza picha nikitumia maktaba niliyoipata kwenye sidii, yaani amri zilizoandikwa tayari na watu nisiowajua. Kukata kulikwenda vizuri. Kukuza kulinishinda: nyuso zilitoka pana, zimebonyea. Nililaumu skana, nikalaumu umeme. Hapakuwa na mtu wa kumuuliza.

Ijumaa moja tajiri wangu akiwa msikitini, alikuja bibi mmoja kutoka kijiji cha upande wa Chimwaga. Alikuwa ameacha kipicha cha marehemu mumewe ili kikuzwe kwa ajili ya ibada ya kumkumbuka. Nikamwamkia shikamoo, nikampitishia kati ya nondo picha niliyokuwa nimeitoa asubuhi. Aliigeuzia kwenye mwanga.

"Huyu siye," akasema. "Mume wangu alikuwa mwembamba. Na masikio yake yalining'inia, alitogwa tangu ujana. Haya yametandazwa."

Nikamweleza kwamba mashine ina matatizo.

"Sasa mjukuu wangu, niwapelekee watoto mtu mwingine, niwaambie ndiye baba yao?"

Sikuwa na pa kukimbilia. Nikamwomba angoje nijaribu tena. Akakaa kizingitini kungoja, vumbi likimpiga, nami nikarudi kwenye kompyuta huku nikimsikia akikohoa. Niliacha kuihangaikia programu yote, nikaandika vipimo vya picha ile moja kwa mkono, amri moja baada ya nyingine. Ndipo nikaona. Amri ya kukata ilitaka upana na urefu vifungwe pamoja kama jozi. Ya kukuza ilitaka kila namba ije peke yake, lakini ukiipa jozi haikulalamika. Ilichukua namba ya kwanza, ikaifanya upana na urefu pia. Ingegoma tu, ningejua siku ya kwanza.

Nikazitenganisha. Printa ikamtoa mzee taratibu, paji la uso kwanza, halafu masikio yakishuka mpaka karibu na mabega. Bibi aliipokea kwa mikono miwili. Akaifunga kwenye kanga, akaondoka.

Tajiri aliporudi nilimwomba muda niipitie maktaba nzima. Akauliza kama picha ya bibi imetoka. Nikasema imetoka.

"Basi endelea hivyohivyo."

Nikaendelea. Nilipomaliza kurekebisha amri ya kukuza, ya kugeuza picha ikaja na desturi yake: ilitaka namba iandikwe kama neno, ukiipa namba tupu inanyamaza na picha haigeuki. Ya kung'arisha ilitaka kinyume chake. Kila asubuhi nilitoka nyumbani Nkuhungu nikijua kuna amri nyingine inayonidanganya kimya kimya, na sitaijua ni ipi mpaka mtu asimame mlangoni akatae uso wa ndugu yake.