Kipa Aliyekariri Herufi Zangu za Macho

Admin, nifichie jina, maana huku Same tunajuana wote. Mimi ni binti wa miaka 24, niko mwaka wa mwisho chuoni, nasomea mambo ya macho. Nimechoka, ndugu zangu. Nimechoka hadi kula naona kazi.

Msimamizi wangu wa utafiti, tumwite Dokta, alinipa nipime macho ya wachezaji wa mpira wa vijijini, tuone kama asiyeona vizuri anajulikana uwanjani. Nikachagua timu ya Hedaru kwa sababu kipa wao ni mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo wa Kihurio. Nikabandika chati ya herufi kwenye mlango wa darasa, wachezaji ishirini wakapanga foleni, kila mmoja akisoma kwa jicho moja moja, jingine limefunikwa. Wote wakasoma hadi mstari wa chini. Dokta alifurahi, akaniambia, "Binti yangu, umefanya kazi safi." Akaandika muhtasari, akautuma kwenye mkutano wa watafiti, na jina langu likiwemo.

Wiki iliyofuata nikaenda kuangalia mechi yao. Mipira miwili ikapita kushoto kwa mdogo wangu na hata hakugeuka. Baada ya mechi nikamfunika jicho la kulia kwa kiganja, nikamuuliza vidole vingapi. Akasema, "Dada, hapo sioni. Jani la mpunga lilinichoma tulipokuwa tunavuna, toka siku hiyo ni ukungu tu."

Nikamuuliza zile herufi alizisomaje. "Si nilikuwa wa mwisho kwenye foleni? Wenzangu kumi na tisa walizitaja kwa sauti, nikazishika." Kosa ni langu. Chati moja, foleni moja, watu wote wanasikia. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asingefanya hivyo.

Nilimwambia twende hospitali, kidonda cha kioo cha jicho hakisubiri. Akanishika mkono, akasema ameitwa majaribio na timu moja ya Moshi mwezi ujao, nikimtangaza nimemmaliza. Nikaenda kwa Dokta nimwambie vipimo vyangu havifai. Nikabisha hodi, nikasema, "Shikamoo Dokta." Akaitika marahaba huku akitabasamu, akanionyesha barua kwamba muhtasari wetu umekubaliwa. Nikasema nimepita kumsalimia tu. Najichukia kwa hilo.

Sasa siku zinakwenda na jicho linazidi kuwa jeupe. Mama mdogo hajui kitu, yeye anamshonea mwanawe begi la safari.

Jana asubuhi mdogo wangu kanitumia ujumbe: "Dada, nimesikia Moshi nako wanapima macho. Nitumie herufi za chati yao, nianze kuzishika mapema."

Chati wanayotumia huko tulifundishiwa chuoni, ninayo kwenye simu, na ujumbe wake sijaujibu. Nyie mngekuwa mimi mngemjibu nini? Nishaurini jamani, kichwa changu kimegoma.