Fundi Anayejifunga Mkono Kabla ya Kukabidhi Nguo

Saa tatu asubuhi, fundi cherehani anapambana na suruali ya mwanamume asiye mumewe. Ameivaa juu ya taiti zake, na mkono wake wa kushoto umefungwa mgongoni kwa mtandio. Mkono wa kulia unavuta, unapandisha, unabandika.

"Dakika tatu!" anatangaza, jasho likimtiririka. "Imepita!"

Wateja wanamwita Mama Zipu. Kwa miaka tisa, katika chumba kinachotosha meza mbili na pazia moja, amekuwa akishonea watu ambao kifungo cha kawaida kwao ni kufuli: waliokatwa mkono, wanaotumia kiti cha magurudumu, waliopigwa na kiharusi. Hakuna nguo inayotoka humu kabla hajaivaa mwenyewe kwa mkono mmoja.

Leo anayesubiri ni mwalimu wa hesabu. Kiharusi kililaza mkono wake wa kulia mwaka jana, na sasa anatembea na fimbo. Kando yake ameketi mkewe, anayemvisha kila asubuhi. Mke amepata kazi katika kiwanda cha mikate. Zamu inaanza Jumatatu, na itambidi atoke nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Anatakiwa kutoa jibu leo, kabla ya saa sita.

"Nikienda, nani atamfunga vifungo?" anauliza.

"Nitaingia darasani na shuka," mwalimu anajibu.

"Na hilo shuka utalifunga na nini?"

Mama Zipu anacheka hadi pini zinamtoka mdomoni. Yeye mwenyewe kazi hii alijifunza kwa aibu. Mteja wake wa kwanza alikuwa kijana wa kiti cha magurudumu. Ili apime vizuri, aliwaomba kaka zake kijana huyo wamnyanyue wima. Suruali ikatoka safi, lakini mwenyewe alipoketi, nyuma ikashuka na mbele ikamjaa tumboni.

"Akaniambia, 'Fundi, umewashonea hawa walionishika.' Nilitamani ardhi inimeze! Tangu siku hiyo, anayekaa nampima amekaa."

Mwaka ule alipata wateja wanne tu, akawa anafua nguo za majirani ili ale. Sasa hupokea arobaini kwa mwezi, na bei ya kurekebisha shati haizidi ya kunyoa nywele.

Mwalimu anaingia nyuma ya pazia. Shati kwanza. Vifungo vyake ni vya urembo tu. Chini yake kuna utepe wa kunata, ule wa viatu vya watoto.

"Mgonjwa atangulie kuingia!" fundi anamwimbia kutoka nje, akimaanisha mkono uliolala. "Na siku ya kuvua, mgonjwa atoke mwisho!"

Shati linaingia. Inafuata suruali. Kuhema. Kitu kinaanguka.

Mke anaruka kitini.

"Dada, kaa!"

"Ameanguka!"

"Iliyoanguka ni fimbo. Kaa!"

Pazia linafunguka. Mwalimu ameishikilia suruali kiunoni kama mtu aliyekurupushwa bafuni.

"Utepe wa kiunoni unanikimbia," anasema. "Si ndiyo maana wakasema kidole kimoja hakivunji chawa?"

"Chawa ni chawa, suruali ni suruali!" Mama Zipu anautazama mkono wa mwalimu, kisha wake, wenye alama za mtandio. Anajipiga paji la uso. "Jamani, mimi! Nimejifunga wa kushoto, na uliolala ni wa kulia!"

Utepe aliuelekeza upande wa kulia. Mkono wa kulia ungeuvuta. Wa kushoto unausukuma tu.

Sasa ni saa tano. Anafumua, anageuza, cherehani inanguruma. Anamgeuzia mke mgongo. "Nifunge. Wa kulia safari hii. Kaza!"

Kwa mkono asiouzoea anahangaika, anapepesuka, anajicheka. Dakika saba. "Imepita! Mwalimu atanishinda, yeye ana mwaka mzima wa mazoezi."

Mwalimu anaporudi nyuma ya pazia, fundi anaeleza ndoto yake: chumba cha pili cha kufundishia mafundi wenzake, kisha sare za shule, ili mtoto asikose mapumziko akingoja mtu wa kumfungia kaptula.

"Sitaki niwe peke yangu," anasema. "Nataka kila mtaa uwe na kichaa wake anayejifunga mkono."

Saa sita kasoro dakika kumi, pazia linafunguka. Suruali imekaa. Shati limekaa. Kola imepinda.

Mke ananyoosha mkono kuelekea kola ile, anausimamisha njiani, anaurudisha mapajani. Mwalimu anajitazama kwenye kioo, anainyoosha mwenyewe.

"Dakika nne!" fundi anapiga kelele. "Nne!"

Mke tayari ana simu sikioni. "Jumatatu nipo," anasema. "Ndiyo. Hiyo hiyo saa ya alfajiri."

Mwalimu anangoja amalize.

"Mama watoto."

"Abee."

"Jumatatu ukitoka, usiwashe taa. Niache nilale."