Mgao wa Karanga Zilizokataliwa

Batuli alikuwa na jicho kali, hilo hata wasiompenda walikiri. Serikali iliporuhusu watu binafsi kununua mazao, tajiri mmoja alifungua ghala la karanga Dodoma mjini, akaleta taa ya mwanga wa zambarau na kumwajiri Batuli kuchambua. Batuli alimwaga karanga mezani kwenye chumba chenye giza, akawasha taa, na zenye ukungu zikang'aa kijani. Alizichomoa upesi upesi. Safi zilikwenda kwenye magunia ya Ulaya.

Na zile mbovu? Jamani, mwaka ule mvua iligoma, mtama ukakaukia shambani, nani angetupa chakula? Kila Jumamosi wanawake wa ghala waligawana. Walipouliza taa inatafuta nini, msimamizi wao Seleman alisema tu kwamba Wazungu hawapendi ukungu. Wakacheka sana, Wazungu nao kwa kudeka! Batuli alizikaanga mpaka uchungu ukapungua, akazisaga, akamkorogea uji Khairat, mjukuu wake wa miaka minne. Mama wa mtoto, Joha, alikuwa Arusha akihangaikia kazi. Watoto wa jirani walikunywa uji mtupu, Khairat alikunywa wa karanga asubuhi na jioni, na bibi yake akaona raha kweli.

Mwezi wa pili wa uji huo, macho ya mtoto yakawa ya njano, tumbo likajaa. Batuli alijaribu dawa ya mizizi, wapi. Akambeba mgongoni hadi hospitali. Daktari akauliza mtoto anakula nini.

"Uji wa karanga. Simnyimi hata siku moja," Batuli akajibu kwa fahari.

Daktari akauliza karanga zinatoka wapi. Alipoambiwa, aliweka kalamu chini. Alimweleza polepole kwamba ukungu ule una sumu isiyomalizwa na moto, kwamba inaharibu ini, na kwamba Wazungu wanaikataa kwa sababu inaua.

Batuli hakutaka kuamini. Kesho yake alifunga unga kidogo kwenye pindo la khanga, akaingia nao kazini, akaumwaga chini ya taa. Uling'aa. Wenzake walikuwa wamesimama hapo, na kila mmoja alikuwa na unga kama ule nyumbani.

Khairat alifariki Alhamisi ya wiki ile. Joha alishuka kwenye basi mtoto keshazikwa, akaketi mkekani karibu na mama yake. Hakulaumu. Majirani walikuwa wamemweleza kwamba njaa yote ile, mwanawe hakulala na njaa hata siku moja.

"Asante, Mama, kwa kumtunza," alisema.

Batuli angeweza kunyamaza, nani angemsema? Lakini shukrani ile ilimchoma kuliko msiba wenyewe. Akamshika binti yake mkono.

"Usinishukuru, Joha. Uji niliomnywesha ndio uliomuua. Nilizitoa karanga zile kwa mkono wangu, nikaziona zinang'aa, nikampa."

Joha aliutazama mkono uliomshika. Kisha akauondoa, kidole kimoja kimoja.