Picha za Baba Zisizo na Uso

Mimi si mwanamke wa kukaa. Hata dukani kwangu, duka la pembejeo hapa Bariadi, wateja hunitania kwamba kiti changu hakijawahi kupata joto. Napanga pakiti za mbegu, napangua, natoka mlangoni kutazama barabara, narudi. Kamera niliinunua ikiwa imeshatumika, nikidhani itanituliza. Ikanipa sababu nyingine ya kuzurura.

Tulikuwa wapiga picha sita wa kujifurahisha tu. Jumapili jioni tulikutana kwenye duka la vitenge la Mzaramo mmoja, aliyehamia hapa siku nyingi kiasi kwamba siku hizi anabishana bei kwa Kisukuma. Alikuwa na televisheni kubwa dukani. Tulirusha picha zetu humo, tukakaa juu ya marobota, tukatazama.

Miezi ya mwanzo kazi yetu ilikuwa kupongezana. Mtu analeta ng'ombe aliyetoka ukungu mtupu, tunasema hongera sana, picha kali. Mwalimu mmoja wa sekondari, mama aliyekuwa kama kiongozi wetu, akachoka. Akaweka sheria: mwenye picha ananyamaza, wenzake wanasema kwanza kilichosimama, halafu kilicholegea. Kilichosimama tulikiweza. Kwenye kilicholegea tulikohoa, tukatazama dari, mmoja akakumbuka kwamba ameacha nguo kwenye kamba. Kwetu kumwambia mtu mzima kasoro yake mbele za watu si jambo dogo, hata kama kasoro yenyewe ni nguzo ya umeme inayomwota kichwani bibi harusi.

Dawa ikapatikana kwenye utani. Mzaramo na Msukuma ni watani, na mtani ana ruhusa ya kukusema hata msibani, nawe huna ruhusa ya kununa. Tukakubaliana kwamba kilicholegea kitasemwa na mtani wa mtu. Asiye na mtani alitafutiwa shemeji, au mtu wa kumwita babu. Mimi, Msukuma, nikaangukia mikononi mwa yule Mzaramo mwenye duka.

Mpango ulifanya kazi. Ndani ya mwaka tuliacha kukata watu miguu, tukajifunza kungoja jua lishuke. Lakini ulikuwa na tundu moja, na aliyetumbukia ni mimi.

Nilikuwa napiga picha za baba yangu. Yeye yuko Mwamanyili, mkulima wa pamba na mpunga, mtu wa maneno machache. Kila nilipokwenda kumsalimia nilirudi na kitu: mikono yake ikichuma pamba, katambuga zake za tairi mlangoni, mgongo wake akielekea shambani, kivuli chake ukutani. Nilizipenda picha hizo kuliko zote. Nikizirusha kwenye televisheni mtani wangu anajishika kiuno.

"Mtani, huyu mzee ana kichwa kweli? Nyie Wasukuma ng'ombe mnampiga uso mzima, baba mnampiga miguu."

Watu wanacheka, nami nacheka. Jumapili nyingine: "Leo umetuletea kisigino. Kwa mwendo huu kidevu tutakiona uzeeni." Nacheka tena. Mara moja alisema, "Unamwogopa baba yako, mtani," na hata hilo nililicheka, kwa sababu lilitoka kwenye mdomo uleule uliokuwa ukisema Wasukuma wanaoga siku ya mnada. Utani unaingia sikio hili unatokea lile. Ndivyo tulivyolelewa.

Halafu baba akapigwa na kiharusi, katikati ya msimu wa kuchuma. Hospitalini walimhudumia vizuri, mkono ukarudi, mguu ukarudi ukiburuta kidogo. Uso ndio uliobaki. Upande wa kushoto mdomo ulishuka, na jicho likawa halifungi lote. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alituambia wazi mimi na mama, koridoni, kwamba miezi hii ya mwanzo ndiyo ya kufanya kazi: mbele ya kioo, asubuhi na jioni, atabasamu, apulize, avute midomo. Akaniomba picha ya uso wake wa zamani, aone umeshuka kiasi gani.

Nilitafuta kwenye simu nikiwa nimesimama palepale koridoni. Nikatafuta na nyumbani, kwenye kamera, kwenye kadi za zamani. Mikono, migongo, kofia, fimbo. Miaka ya picha za baba, na uso hakuna. Tukampelekea kitambulisho chake, kile kipicha kilichofifia ambacho mtu yeyote anaweza kuwa ndani yake. Niliona aibu ambayo sijui kuieleza.

Nyumbani mambo yakaenda kombo kwa njia nyingine. Mama alikificha kioo nyuma ya magunia ya mpunga, eti asijione akakata tamaa. Wageni walikuja wengi, na kila mmoja alimshika mkono akasema, "Mzee, umepona kabisa, uko vilevile." Chai ikimtoka pembeni ya mdomo, mama aliifuta haraka kabla hajaitambua. Baba alihisi mdomo mzito, akadhani ni dawa. Hazikupita wiki mbili akaacha mazoezi. Nilipompigia simu alinijibu kwa sauti ya kukwama, "Mazoezi ya nini? Watu wote wanasema nimepona."

Nami nilikuwa miongoni mwa hao watu wote. Nilikuwa nimekwenda mara mbili, na mara zote mbili nilisema, "Unaendelea vizuri, baba."

Siku zile nilikuwa siguswi. Niligombana na wateja juu ya dawa ya viwavi, nikafunga duka mchana, nikalifungua tena bila sababu. Nilizunguka soko zima nikirudi palepale. Jumapili sikuenda kwenye kikao. Jumatatu mtani wangu akaja dukani kunipa pole, akasimama mbele ya kaunta, na kwa mara ya kwanza hakunitania. Nikamvaa.

"Wewe uliona," nikamwambia. "Uliona mwaka mzima kwamba sina uso wa baba, ukafanya kichekesho."

Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. "Mtani, nilikwambia kila Jumapili," akasema. "Nilisema kwa utani kwa sababu ndiyo njia mliyonipa. Wewe ulichukua kicheko, maneno ukayaacha." Akaegemea kaunta. "Mzee sasa yuko?"

"Yuko."

"Basi unangoja nini?"

Nilimchukia siku nzima. Usiku hasira ikaisha, akili ikaanza kufanya kazi. Nilijiuliza kwa nini sikuwahi kuuona uso ule kwenye kamera, na jibu lilikuwa kwenye magoti yangu. Binti wa Kisukuma humsalimia baba yake amepiga magoti, macho chini. Tangu nijue kusema nimemwona baba kutoka pale: mikono, magoti yake, viatu. Akigeuka kuondoka ndipo nainua macho, naona mgongo. Kamera ilikuwa inafanya adabu niliyofundishwa. Sikuwa nimemtazama baba yangu sawasawa hata siku moja, na nilikuwa na umri wa kuwa na mabinti wanaonipigia magoti mimi.

Jumamosi nikapanda gari la Lamadi, kisha la kupita Nyashimo. Njiani nilifungua na kufunga begi la kamera mpaka abiria wa pembeni akaniuliza kama nimeibiwa.

Baba alikuwa amekaa sebuleni karibu na dirisha. Nikapiga magoti. "Mwadila, baba."

"Mwadila, ng'wana wane." Neno hilo, mwanangu, lilitoka limelegea upande mmoja.

Halafu nikainuka, nikavuta kiti, nikakiweka mbele yake, nikakaa. Magoti yetu yalikaribia kugusana. Mama, aliyekuwa mlangoni na sahani ya viazi, alisonya. Nikamwambia baba naomba kumpiga picha, ya uso. Akasema, "Piga."

Hapa lazima niseme ukweli. Picha ya kwanza niliiba. Nilimgeuza kidogo, upande wa kulia ukapata mwanga wa dirisha, wa kushoto ukamezwa na kivuli. Ikatoka picha nzuri sana, ya mzee mzima, asiye na doa. Kikundi kizima kingesema hongera. Niliitazama nikajisikia mwizi, nikaifuta. Nikamwomba ageukie dirisha kamili, nikapiga tena.

"Lete nione," akasema.

Mama akaniita jina langu kwa sauti ya chini, ile ya kukataza. Nikampa baba kamera.

Alikaa nayo muda mrefu. Akaisogeza karibu, akaisogeza mbali. Akajigusa shavu la kushoto kwa vidole, polepole, akarudi kutazama.

"Tangu lini?"

"Tangu hospitali, baba."

"Na ninyi mnaona."

"Tunaona."

"Wote waliokuja hapa wameona."

"Ndiyo, baba."

Mama akasema kwa haraka, "Uko vilevile, mzee, hizo kamera nazo." Baba hakumgeukia.

"Niambie," akaniambia.

Nilitamani kusimama. Nilitamani kuitazama sakafu, kwenda nje kuhesabu mbuzi, kufanya lolote. Nikabaki kitini, nikamtazama machoni. "Upande wa kulia umesimama, baba. Macho yako yana nguvu, paji liko sawa. Kushoto mdomo umeshuka. Chai inakutoka, mama anaifuta. Jicho halifungi lote. Yule mtaalamu alisema uso unaweza kurudi ukifanya mazoezi sasa. Ukiacha, alisema, huenda usirudi."

Nilikuwa nalia na sikujifuta. Baba alinirudishia kamera. Mama, macho yake yamelowa, akaenda nyuma ya magunia, akarudi na kioo amekikumbatia kifuani.

"Kiweke tu pembeni," baba akamwambia. "Hata kwenye kioo nitajidanganya. Wewe mtoto kaa hapohapo. Unitazame."

Akavuta pumzi, akatabasamu. Kulia kulipanda, kushoto kukabaki chini.

"Bado," nikasema.

Akatulia, akajaribu tena, mshipa wa shingo ukamtoka.

"Bado, baba."