Aliyesomea Kurudisha Maneno

Mama Kaswera alianguka nyuma ya kaunta ya duka lao huko Pinga, mashariki mwa Kongo, siku ya soko, akiwa anampimia mteja chumvi. Alipopata fahamu, mkono wa kuume ulikuwa umekufa na maneno yote yamemtoka isipokuwa moja: kesho. Akitaka maji, kesho. Akimwita binti yake Mbambu, kesho, kesho, huku akilia, maana alisikia mwenyewe kwamba silo neno alilotaka kulisema.

Wenyeji wa msitu ule walisema amefungwa ulimi kwa uchawi. Wafanyabiashara wenzao wa kutoka Butembo walikuja na rozari. Muuguzi wa kituo cha afya, Mama Bénédicte, alimvuta Mbambu pembeni.

"Kiharusi imepiga fasi ya ubongo yenye inachunga maneno," alimwambia. "Kuko watu wanasomaka kazi ya kurudisha maneno. Wanaitwa ba-ortofonisti. Huku kwetu sijaona hata mumoja."

Mbambu alikuwa amepata diploma ya Serikali ya kumaliza sekondari mwaka uleule. Baba yake, Papa Zéphyrin, alitaka asomee biashara; yeye alitaka hiyo kazi ya kurudisha maneno. Walibishana msimu mzima wa mvua, kisha mzee akachoka. Alimpeleka kwa pikipiki mpaka Masisi, wakapata gari hadi Goma, na pale Goma akamwona binti yake akipanda ndege ya Kinshasa.

Darasani walikuwa kumi na mmoja. Mbambu alisoma habari za koo na ulimi, za kigugumizi, za wazee wasioweza kumeza. Vipimo vyote vilikuwa vya Kifaransa, vyenye picha za vitu ambavyo mama yake hajawahi kuviona, kama mtu wa theluji. Akaanza kuchora za kwake: jembe, chukudu la mbao la kusukumia mizigo, kitunga cha sombe ya majani ya muhogo, kinu. Mwalimu wake alizitazama moja moja, akamwambia kwamba hakuna mtu mwingine atakayewafanyia watu wa kwao kazi hiyo.

Desemba ya 2024, akiwa amebakiza mwaka mmoja, alirudi Pinga kwa Noeli. Januari vita vikaingia Goma, kiwanja cha ndege kikafungwa. Mwaka wa masomo ukaendelea bila yeye. Kila Jumapili alipanda mlima kutafuta mtandao, na kila mara alikuta wenzake wamesonga mbele: wengine wako hospitalini kwa mazoezi, wengine wanaandika kazi ya mwisho. Akashuka akiwa na hasira asiyojua amtupie nani.

Akabaki na mgonjwa mmoja tu.

Aligundua kwamba mama yake hawezi kusema "maji", lakini anaweza kuimba wimbo wa kanisa wa Kinande, lugha yao ya nyumbani, mwanzo hadi mwisho, kila neno mahali pake. Basi wakaanzia kwenye nyimbo. Polepole maneno yakabanduka kutoka katika sauti ya wimbo: maji, moto, Mbambu. Jina lake mwenyewe ndilo lililokuwa gumu. Ilibidi umwanzishie. Ukisema "Ka", yeye anamaliza "swera", kisha anacheka kama msichana. Usipomwanzishia, anarudi kwenye kesho.

Majirani waliendelea kumwita bubu, na Mbambu hakuwavumilia.

"Mama haiko bubu!" aliwaambia. "Maneno iko nayo ndani. Imepotea njia tu."

Mwezi wa saba risasi zilifika Pinga. Mama Kaswera hakuweza kutembea mbali, hivyo wakampakia kwenye pikipiki ya Trésor, kijana wa jirani waliyemwamini, awatangulie Masisi. Mbambu alimfunga mama kitenge mgongoni akamwambia watakutana kwa masista. Yeye na baba wakafuata kwa miguu, siku nne kwenye matope.

Kwa masista hakuwapo. Trésor walimkuta kesho yake, uso umevimba. Kwenye kizuizi kimoja watu wenye silaha walikuwa wamechukua pikipiki na kumfukuza kwa fimbo. Alipomtazama mama mara ya mwisho, alikuwa ameketi kando ya barabara, wanamuuliza jina.

Mbambu akatafuta. Alizunguka kambi za wakimbizi, kanisa kwa kanisa. Siku ya tatu, muuza viazi mmoja sokoni alimwambia:

"Dada, kuko mama mumoja bubu kule Kingi, kwenye kapela. Hakuna mwenye anamujua."

"Huyo si wangu," Mbambu alijibu mara moja. "Wangu haiko bubu."

Kingi ni karibu na Masisi. Angefika kabla ya jua kali. Lakini alikuwa amesikia kwamba pikipiki zilizonyang'anywa zilielekea Kibabi, akaenda Kibabi. Alipoteza siku tano huko.

Ni Papa Zéphyrin aliyekwenda Kingi peke yake, kwa sababu hapakubaki mahali pengine pa kutafuta. Aliporudi alimpa Mbambu kile kitenge.

Walikwenda pamoja kuona kaburi. Katekista wa kapela, kikanisa cha kijiji, Papa Grégoire, alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliomvunja Mbambu kabisa.

"Wapita njia walimuleta na homa ya kifua," alieleza. "Kila asubui tulikuwa tunamuuliza: mama, unaitwa nani? Analia tu. Lakini kwenye misa alikuwa anaimba muzuri sana. Tumemuzika juzi."

"Juzi?"

"Njo hivyo, mwanangu. Tuliandika: mama, jina halijulikani."

Mbambu aliketi chini. Hakukuwa na mtu wa kumwambia mama yake "Ka". Na miaka mitatu na zaidi ya masomo haikumkumbusha kuandika jina kwenye karatasi na kulishonea kwenye nguo, jambo ambalo hata mama yeyote asiyejua kusoma angelifikiria. Zaidi ya hayo, alikuwa ameambiwa. Aliambiwa neno ambalo watu wote walilitumia kwa mama yake, naye akalikataa, kwa kuwa yeye ndiye msomi.

Sasa anaishi Kingi na baba yake, analima shamba la watu. Mwalimu wake ameandika mara mbili kumwuliza kama atarudi. Hajajibu. Zile picha alizochora, aliwashia moto wa kupikia maharage.

Wiki iliyopita mama mmoja aitwaye Valérie alimfuata shambani, amebeba mtoto wa kike wa miaka mitano hivi.

"Hasemi tangu tulikimbia," alisema. "Wameniambia wewe ulisomea mambo hayo."

"Wamekudanganya, mama. Mimi ni mulimaji."

Valérie alimpandisha mtoto begani, akageuka. Mtoto alikohoa begani kwake, kikohozi chenye sauti kamili, na Mbambu akajua papo hapo kwamba koo ni zima, kwamba mtoto huyo anaweza kufundishwa. Aliwatazama mpaka wakapinda njia. Hakuwaita.